Nilikuwa Nimefunga

"Dada, sema ukweli mbele ya hawa wote. Siku ile ya moto, ulifunga au hukufunga?"

Aliyeniuliza hivyo ni nesi, mdogo wake rafiki yangu aliyekufa. Tulikuwa kwenye ukumbi wa nyuma wa mkahawa mmoja wa Al Sadd, hapa Doha, ule Wakenya tunaoukodi tukiwa na mchango au maombi, na siku hiyo yalikuwa maombi ya kumkumbuka marehemu. Chapati zilikuwa mezani, chai imeshamiminwa. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani ya hiyo simu alikuwa mama yao, akifuatilia maombi kutoka nyumbani. Mimi nilikaa mbele, mahali pa ndugu, maana marehemu kwangu alikuwa zaidi ya ndugu.

Nilidhani naitwa kutoa ushuhuda, kama tunavyoitana sisi watu wa maombi. Nikasimama, nikatengeneza kitambaa changu, nikasema kwa sauti ili na mama asikie:

"Nilifunga, mama. Siku ile nilikuwa nimefunga. Mungu ni shahidi wangu."

Sikusikia amina.

Nesi akafungua mkoba, akatoa kitabu kinene cha Kizungu, akakiweka kando ya chapati. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Basi kilichoandikwa humu ni kweli. Alimfungia dadangu mlango, dadangu akaungua, yeye akatoka."

Mwanamke aliyekaa karibu yangu akasogeza kiti. Nikafungua mdomo, na kabla sijapata neno, sauti ya mama ikatoka kwenye simu, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi:

"Ni yeye mwenyewe amesema amefunga?"

"Ni yeye, mama," nesi akamjibu.

Simu ikakatika. Huyo mama alikuwa ananiita binti yake. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake tena.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu ukinisikia hapo tu, hata wewe utasogeza kiti.

Mimi nilisoma hadi darasa la sita. Haya nayaandika kwa mkono wangu, na huyo huyo nesi ndiye ananirekebishia herufi. Ndiyo, tulipatana, nitasema ilivyokuwa. Lakini maneno sijamruhusu ayaguse. Nimeshaona kinachompata mtu maneno yake yakiguswa na mwingine.

Nilikuja Doha kama mfagizi. Kampuni ilituweka kwenye villa moja Umm Salal, kupita mashamba ya mitende, mahali ambapo ukikosa basi la kampuni basi hiyo siku umekosa. Villa ilijengwa kwa familia moja. Sisi tulikuwa familia sijui ngapi, tumegawanywa kwa mbao na mapazia. Supavaiza wa kempu, yaani makazi yetu hayo, alikuwa mtu wa kwetu, Mkenya kabisa, anaongea Kiswahili kizuri na anajua kucheka na watu. Wa namna hiyo mimi nawaangalia mikono. Mtu mbaya wa kigeni utamwona kutoka mbali, lakini wa kwenu anakuja na salamu.

Watu wa baladiya, yaani manispaa, walipokuwa wanakuja kukagua, tulikuwa wengi kuliko kibali. Kwa hiyo supavaiza alikuwa na ujanja wake. Chumba cha nyuma, chenye mlango wa chuma, alikuwa anakipiga kufuli kwa nje na kusema hiyo ni stoo. Kwanza alikuwa anagonga: "Wenye chumba, tokeni mkapunge hewa, wageni wanakuja." Tunatoka tunazurura hadi gari la baladiya liondoke. Kila mmoja wetu alijua, na hakuna aliyesema, kwa kuwa ukisema unarudishwa.

Mimi na marehemu tulikuwa wa chumba hicho.

Wiki ya moto binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza huko nyumbani, na daktari alikuwa amemtisha. Nikaamua kufunga. Nilikuwa nashinda bila kitu hadi jua lizame, kisha uji. Marehemu hakuwa mtu wa kufunga. Alikuwa mtu wa kula na kucheka. Ijumaa ile wenzetu walikuwa wamepanda basi kwenda kanisani, yeye ametoka kazini asubuhi, amekaanga kuku, chumba chote kinanukia.

"Wewe na Mungu wako mtaninenepesha," akaniambia. "Sasa ugali wote huu nani ataumaliza?"

"Kula na wa kwangu."

"Nitakula, tena nitalala. Ukifika huko juu mwambie nasalimia, asiniamshe."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. Nikapanda juu ya paa nikakaa kwenye kivuli cha matangi ya maji, mbali na ile harufu ya kuku, nikaanza kuomba.

Nikasikia gari. Nikachungulia. Alikuwa supavaiza, peke yake, anatembea haraka. Akaingia. Akatoka, anatumbukiza funguo mfukoni, akaondoka. Sikusikia akigonga, lakini paa liko mbali na kile chumba na matangi yana kelele. Nilijua anagonga. Alikuwa anagonga kila mara.

Moshi ulianzia upande wa kiyoyozi. Nilipofika chini, mlango wa chuma ulikuwa umeshakuwa kama kikaango, na kufuli lile limening'inia. Nililishika. Nikalivuta kwa mikono yangu hii, nikalipiga kwa tofali, nikalishika tena. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki pale. Ndani nilimsikia mara mbili akiniita, halafu sikumsikia. Zimamoto walipofika nilikuwa bado napiga.

Ripoti ilisema ni nyaya za kiyoyozi. Kuhusu mlango ilisema ulikuwa umefungwa. Umefungwa, basi. Haikusema na nani. Supavaiza alieleza kwamba marehemu lazima alijifungia mwenyewe kwa ndani, na kufuli halikuonekana tena. Nilisema mimi nimeliona, nikaonyesha viganja. Wakaniambia pole, una mshtuko.

Nilipopona kampuni ilinihamisha, nikapelekwa kufagia ofisi za walimu kwenye chuo kimoja cha kigeni. Nilijiuliza kwa nini wamenipeleka mahali pazuri hivyo. Nilikuwa bado sijapata jibu, ndipo nikakutana na mwandishi.

Alikuwa Mmarekani, mwanamke wa rika langu, aliyekuja kufundisha kwa muda. Kwenye rafu yake vilikuwepo vitabu alivyoandika mwenyewe, na nyuma ya kila kitabu picha yake: hapa kijana, hapa mtu mzima kidogo, hapa mvi zimeingia, kama pasipoti za mtu mmoja zilizopangwa. Alikuwa anavua viatu ofisini. Alinipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Siku moja akavishika viganja vyangu, akavigeuza, akaniuliza kwa macho. Katika Doha yote hakuna aliyekuwa ameniuliza kuhusu mikono. Nikalia pale pale nimeshika mopu.

Sasa hivi nikikumbuka ile chai najiuliza alikuwa ananipa mimi au alikuwa anaipa mikono.

Kiingereza changu ni cha kazi: ndiyo madam, nimemaliza madam. Akaomba kampuni imtafutie mkalimani. Kampuni ikamleta karani wa ofisi yao, msichana wa Nairobi mwenye digrii na manukato. Mimi nikashukuru, nikaona ni wa kwetu. Sikujiuliza kwa nini kampuni yenye kufuli lililopotea inatoa mkalimani wa bure.

Tukakaa watatu. Simu ya mwandishi ikawekwa katikati ya meza, inarekodi. Nikasimulia yote: baladiya, stoo, funguo mfukoni. Karani anatafsiri. Tukafika pale.

"Anauliza," karani akasema, "wewe uliponaje?"

"Nilikuwa nimefunga," nikasema. "Ndiyo maana niko hai."

Karani akatafsiri. Mwandishi akaacha kuandika. Akaweka mkono kifuani.

"Anauliza una uhakika. Ulifunga wewe mwenyewe? Hakuna mtu alikulazimisha?"

"Nani anilazimishe? Nilifunga kwa hiari yangu, kwa ajili ya mtoto wangu."

Machozi yakamtoka yule mama. Mimi nikayaonea huruma machozi yake. Nilisema moyoni, kumbe kuna Wazungu wanaoelewa mambo ya kufunga.

"Anauliza, hiyo siku ikirudi, ungefunga tena?"

"Ningefunga tena. Kwa mtoto wangu ningefunga hata mwezi mzima."

Mwandishi akanikumbatia. Nakumbuka nilivyotoka pale mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Nadhani wewe msomaji umeshaona. Mimi nilikuwa nasema sikula. Yeye alikuwa anaandika kwamba nilitia mlango kufuli. Neno ni lile lile, na kila niliposukuma ukweli mbele, likageuka likawa kosa kubwa zaidi. Nilifunga kwa hiari. Nilifunga kwa ajili ya mtoto. Ningefunga tena. Ukiyapanga hayo kwa upande wa mlango, mtu aliyesema hayo ni muuaji.

Mwandishi akarudi kwao. Miaka ikapita, mpira wa Kombe la Dunia ukaja ukaondoka, nikahamishiwa minara ya Lusail. Kitabu kikatoka kimya kimya upande wangu, maana nani ataniletea mimi riwaya. Kumbe huko kwao kimepata tuzo. Daktari mmoja hospitalini kwa nesi alikuwa anakisoma wakati wa mapumziko, akamwambia: hiki kinahusu wafagizi Wakenya hapa hapa Umm Salal, wewe utakipenda. Nesi akakisoma. Akakuta villa, mlango wa chuma, mwanamke aliyelala baada ya kula kuku, na rafiki yake mwenye mikono iliyoungua. Akakuta ukurasa ambao huyo rafiki anauona moto, anasikia anaitwa, anamkumbuka binti yake mjamzito, anafunga mlango ili moshi usimfikie, anapanda juu ya paa. Supavaiza kwenye kitabu ni mzee mpole anayelia mazishini, na zile funguo nilizosimulia hazimo.

Halafu kukawa na yale maombi ya Al Sadd, na swali, na jibu langu.

Baada ya hapo nilijua mtu anavyoweza kuzikwa akitembea. Kwenye ushirika niliondolewa zamu ya chai bila kuambiwa. Chumbani kwetu mwanamke mmoja akaanza kulala na ufunguo ndani ya sidiria. Nilimuuliza, "Unaogopa nini?" Akasema, "Sijasema naogopa." Nikimpigia mama simu haipokelewi. Nikatuma ujumbe kupitia jirani yake, jirani akajibu: mama anasema usikanyage kaburi la mtoto wake. Yeye ni mzee, ana pumu, na akilala analala akijua kwamba aliyekuwa anamwita binti alimchomea binti.

Basi nesi akanipigia. Ilikuwa saa ya kazi, nikatoka kwenye korido nikidhani kuna msiba mwingine.

"Dada. Nataka kukuuliza tena. Lakini mara hii nitatumia neno lingine."

"Uliza."

"Siku ile ya moto. Ulikula?"

"Sikula. Nilikuwa nimefunga."

Nikasikia anavuta pumzi. Akaniambia kuna mwenzake wodini, Mwislamu wa Mombasa, ambaye yeye nesi alimkaribisha chai asubuhi, na yule akamwambia, leo Jumatatu, mwenzio nimefunga. Nesi alisimama na kikombe mkononi hadi chai ikapoa.

"Ulikuwa umefunga chakula," akasema.

"Wewe ulidhani nilifunga nini?"

Tukalia wote kwenye simu, yeye wodini, mimi karibu na lifti. Halafu hasira ikaja.

Kuanzia hapo kila Ijumaa baada ya ibada tulikuwa tunakutana Al Sadd kwenye kibanda cha karak, ile chai ya maziwa ya huku, yeye na vitabu vya yule mwandishi. Alivitafuta vyote. Anasoma, ananisimulia kwa Kiswahili, mimi nasikiliza kama askari wa upelelezi. Nilitaka kujua huyu ni mtu gani.

Kitabu chake cha kwanza alikiandika akiwa kijana. Kinahusu msichana ambaye mtumbwi umepinduka ziwani, kaka yake anazama, yeye anapona. Mwishoni unaambiwa kwamba msichana aliuachia mkono wa kaka yake makusudi. Kitabu hicho kilimpa jina. Cha pili kinahusu mwanajeshi aliyerudi vitani mzima, kila mtu anamwita shujaa, na mwishoni unajua aliondoa gari akamwacha mwenzake. Wakosoaji walisema amekomaa. Cha tatu ni cha bibi mmoja kwenye baridi ya kwao. Mumewe anakufa, yeye anabaki, na ukifika mwisho…

"Alikuwa na simu na hakumwita daktari," nikasema.

"Umejuaje?"

"Endelea tu. Huyu mama ana sufuria moja."

Nesi akacheka, halafu akaacha. Kisha akanionyesha mahojiano aliyoyapata, ambamo mwandishi anasema mwenyewe kwamba alikuwa na kaka, na huyo kaka alizama ziwani wakiwa wadogo, mbele ya macho yake. Anaulizwa kwa nini vitabu vyake vyote ni vya watu waliopona. Anajibu kwamba hakuna anayepona bure.

Nilimhurumia, sitakataa. Mtoto anaona kaka yake anazama, hilo si jambo dogo. Lakini huruma yangu ina macho. Huyu mtu maisha yake yote anatafuta mwenzake. Anataka kila aliyepona awe ameua, ili yeye asiwe peke yake. Alikuja Doha na sufuria imeshabandikwa jikoni, akakosa nyama tu. Hata kama ningemwambia nilikuwa chooni, ningetoka kwenye kile kitabu nimeua mtu.

Ila sufuria haitoshi. Kuna aliyempelekea nyama. Nikaenda kwa karani.

Siku hizi yuko kampuni nyingine, Lusail, na meneja wake ni nani? Yule yule supavaiza wetu. Amepanda cheo, sasa anaitwa mudiri. Nikamsubiri karani chini ya jengo lao. Aliponiona alitaka kurudi ndani, kisha akatabasamu.

"Anti! Umepotea sana. Mambo?"

"Mambo ni yale ya tafsiri yako. Nilisema nimefunga, wewe ukasema nini?"

"Anti, hiyo story ni ya kitambo. Ulisema umefunga, nikasema umefunga. Mimi ningejuaje ni njaa?"

"Umekulia Kenya?"

"Eeh."

"Mama yako hajawahi kufunga na kuomba?"

"Anti, please. Nilikuwa natafsiri mbio mbio, huyo mzungu anauliza maswali kama polisi."

"Nilisema ningefunga hata mwezi mzima. Mlango gani unafungwa mwezi mzima kwa ajili ya mtoto? Hilo ulilitafsiri?"

Akaangalia simu yake, na haikuwa imelia. "Hiyo sikumbuki, walahi."

"Ndani ya kitabu haipo. Nesi ametafuta. Ipo 'ningefunga tena', halafu kimya. Mwezi mzima ulienda wapi?"

"Labda mwandishi aliitoa. Hao hukata vitu." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Anti, ni kitabu tu. Hakuna mtu anakuja kukushika. Wewe achana nayo, usijiletee shida na visa."

Mimi sikuwa nimetaja visa. Sikuwa nimetaja kushikwa. Mtu anayekutuliza kabla hujachafuka anajua tope liko wapi. Labda alikosea, ni kweli watu hukosea. Lakini kosa hilo lilimtoa supavaiza kwenye mlango, likaniweka mimi, na sasa wote wawili wana viti vya kuzunguka.

Nesi alimpigia mama yake akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa lugha ya kwao kabisa, ambayo kula na mlango haviwezi kuchanganywa. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa nyinyi mnanichezea na maneno. Aliyeandika ndiye afute. Aseme kwa mdomo wake."

Kwa hiyo tuliposikia kwamba mwandishi anarudi Doha kuzungumzia kazi zake, tulienda. Tulikuwa tumeshamwandikia, na jibu lilitoka kwa wakala wake: ni kazi ya kubuni, kufanana na mtu yeyote ni bahati tu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa harufu nzuri. Alisimama kando ya meza yenye vitabu vyake vyote, akasimulia safari yake tangu kile cha ziwa. Sauti yake ni tamu bado. Walipofungua maswali, nesi akainua mkono, tukapewa kipaza sauti.

Aliponiona aliteremka jukwaani. Akanikumbatia mbele ya watu wote, akavishika viganja vyangu, akawageukia akasema neno. Watu wakapiga makofi. Nesi akaninong'oneza: "Anasema wewe ndiye ulimfundisha maana ya ujasiri."

"Mwambie sijaja kwa makofi. Mwambie nilisema sikula. Mlango ulifungwa na supavaiza."

Nesi akasema yote, kwa sauti ya kazini, ile wanayotumia kumwambia mtu majibu mabaya. Mwandishi akanitazama, na niliona kitu kimepita usoni mwake. Nitaapa kwamba alielewa. Halafu akavuta pumzi, akajibu taratibu, bila kuachia mikono yangu.

"Anasema," nesi akatafsiri, "kwenye riwaya mlango si mlango. Mlango ni ule tulio nao sote ndani."

"Mwambie huu ulikuwa wa chuma."

Wachache wakacheka, wakidhani natania. Nikaendelea: "Muulize ile rekodi iko wapi. Aifungue hapa. Wamo watu wanaojua Kiswahili humu, wasikie."

Akatikisa kichwa kwa upole. Alisema rekodi zake hazitoi kamwe, kwa sababu ni wajibu wake kumlinda aliyemsimulia.

"Aliyekusimulia ni mimi," nikasema. "Mimi nimeruhusu."

Nesi alikuwa bado anatafsiri wakati kijana wa ukumbi alipochukua kipaza sauti. Mwandishi wakampeleka mezani kutia sahihi vitabu. Foleni ikajipanga. Mwanamke mmoja kwenye foleni, mwenye kitabu chenye mimi ndani yake, akaniomba nipite.

Basi naandika. Supavaiza, wewe ulitia kufuli lile mchana wa Ijumaa, nilikuona na funguo. Uligonga au hukugonga? Na baada ya moto ulilipeleka wapi? Karani, mwezi mzima nilioutaja uliumeza kwa nini, na ni nani alikutuma kuja kukaa kwenye kile kiti? Mna wenzenu wa kuwaficha, lakini mnasoma Kiswahili, hamtasema hamkuelewa.

Na wewe mwandishi. Kwa kaka yako nakuonea huruma, lakini mimi si wewe na sikumwachia mtu mkono. Sitaki jina langu kwenye kitabu chako kijacho, sitaki ujasiri. Sauti yangu iko kwenye simu yako. Tafuta mtu wa tatu anayejua Kiswahili, asiyekula mshahara wa ile kampuni, akutafsirie upya. Halafu mpigie mama wa marehemu, nesi atakupa namba, umwambie kwa mdomo wako nilichosema na ulichoandika. Usiniletee wakala. Nataka unijibu wewe, na unijibu huyo mama akiwa bado anasikia.